Tangi Lililoongezwa Vidole Vinne

Pikipiki ya mume wangu ilikuwa ya Kijapani, nyekundu iliyokwisha kupauka, na tangi lake lilikuwa dogo kiasi cha kukera. Aliyelibuni sidhani alikuwa na habari ya njia ya Marafa. Mdomo wake nao ulikuwa mwembamba, ndani umetiwa kichujio cha waya, hata ukimimina petroli kwa haraka inakurudia, inamwagikia injini, na nyumba nzima inanuka gereji. Mimi ndiye niliyekuwa nikishika faneli. Kila asubuhi ya safari, kabla hata ya kunywa chai, nilikuwa uani nimejifunga kanga, yeye ameinamisha dumu, nami namwambia, "Basi, basi, basi!" na bado inamwagika.

Tulikuwa tukikaa Malindi, mji wa kale, miaka ya themanini mwanzoni. Mume wangu alikuwa fundi wa cherehani. Hakuwa mshonaji, yeye alizitengeneza mashine zenyewe. Tangu Takaungu mpaka Mambrui, na huko ndani mpaka Marafa, kila baraza la duka lilikuwa na mshonaji wake, na kila mshonaji alikuwa na mashine yenye ugonjwa wake: hii inaruka mishono, ile inatafuna kitambaa, nyingine inalia kama paka aliyekanyagwa. Yeye alikuwa akizizungukia na sanduku lake la vyombo nyuma ya pikipiki. Upande wa pwani hakukuwa na taabu, maana petroli iko Kilifi na iko Malindi. Taabu ilikuwa Marafa. Huko alikuwako mwenye duka mmoja aliyeweka pipa uani kwake, na mara nyingi pipa lenyewe ukiligonga lalia tupu.

Basi akienda Marafa, alikuwa akilala huko. Anarudi kesho yake mchana, miguu myekundu kwa vumbi, anaweka sanduku chini, anasema, "Petroli iliniishia, mke wangu."

Mwanzoni nilimpa pole na maji ya kuoga. Baadaye nikawa nampa maji ya kuoga tu. Mwisho nikawa namwonyesha pipa la maji lilipo.

Jirani yangu, shoga wa kuazimana chumvi na siri, ndiye aliyelitoa lile lililokuwa kifuani mwangu. Tulikuwa tunachambua mchele barazani kwake. Akasema bila kuinua uso, "Shoga, hiyo petroli ya Marafa haina jina? Haina wazazi?"

Nilicheka. Nilicheka sana, mpaka mchele ukamwagika. Lakini usiku ule sikulala. Nilikuwa na miaka mitatu katika ndoa na sijajaliwa mtoto, na kila mtu pwani anajua mwanamume wa hali hiyo hushauriwa nini na dada zake. Dini inamruhusu, ndugu wanamhimiza, na Marafa ni mbali, mtu anaweza kuoa huko na kuishi kwa amani miaka kumi. Niliogopa. Nilimpenda yule bwana kupita kiasi, nasema wazi, na wazo la kumgawana na mtu sikuliweza.

Lakini mimi si mtu wa kulilia mto. Nilikaa nikapima, nikaona hivi: kama kweli ni petroli, basi tutie petroli. Nitamwondolea sababu. Tangi likiwa kubwa, aende Marafa arudi, aende tena arudi, na bado ibaki petroli ya kupeleka mtu Kilifi. Hapo tutajua anayemlaza huko ni nani.

Nilimwambia. Alikuwa anapaka mafuta gurudumu la cherehani, akaendelea kulizungusha hata lilipokwisha kulainika.

"Tangi la kiwandani halichezewi," akasema.

"Mjomba atalichezea."

"Litakuwa zito."

"Uzito wa petroli nao ni taabu? Si ndiyo unayoililia?"

Siku ya pili yake alilifungua tangi mwenyewe, akanipa mkononi kama anayenipa mtoto wa watu. Nilifunga mafundo mawili kwenye kanga ya kulibebea, nikaenda zangu sokoni.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa fundi wa bati. Alitengeneza madele ya kahawa, yale marefu yenye shingo nyembamba na mdomo wa kumiminia kama wa ndege. Alitengeneza kandili, makopo, mirashi ya kunyunyizia watu marashi harusini. Alikuwa mjuzi, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye mwenyewe. Chombo cha kutiwa maji mji huu, alikuwa akisema, kama hakijapita mkononi mwangu basi kinavuja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Wachukua nini, mbona chanuka?"

"Tangi la pikipiki. Nataka liongezwe tumbo na mdomo upanuliwe."

"Mwenyewe yuwajua?"

"Yuwajua."

"Na ameridhika?"

"Mjomba, nimekuja kwako au kwa kadhi?"

Alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akalichukua, akalinusa, akaacha kucheka. Tangi la petroli, alinieleza, hata likiwa tupu lina kitu ndani yake, na kitu hicho hakitaniwi na moto. Akalijaza maji ya moto na sabuni ya mche, akatia na kokoto, akalitikisa mpaka jasho likamtoka. Akamwaga, akatia tena. Akalianika juani mdomo wazi siku kadhaa, kila nikipita namkuta ameinama analinusa kama mpishi wa pilau. Alipoona harufu imekwisha ndipo alipolikata kiunoni, likawa vipande viwili, nami nikasema moyoni, sasa nimemuulia mume wangu kazi.

Kati ya vile vipande viwili akatia mkanda wa bati wa vidole vinne, akaulehemu pande zote. Kila alipoleta chuma cha moto karibu alikuwa kwanza analijaza tangi maji mpaka karibu na pale anapochoma, na mafundi wenzake walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba wana haja upande wa pili wa soko. Likatoka na nundu kama ya fahali. Halikuwa zuri. Lakini lilikuwa na tumbo.

Mdomo ndio uliokuwa fahari yake. Alikuwa na dele kubwa la shaba lililopasuka chini, la mtu aliyekuwa hajalirudia. Akalikata sehemu ya juu, pale panapotanuka, pamoja na kifuniko chake chenye bawaba, akavipachika juu ya tangi. Ndani ya kifuniko akagandisha ngozi, pembeni akaweka kikulabu. Ukikifungua, mkono unaingia. Ukikifunga, kinalia "tap!" kama mlango wa tajiri.

Akalijaza maji, akalining'iniza kichwa chini juu ya kitambaa cheupe, likalala hivyo usiku kucha. Asubuhi akaniita nikishike kitambaa. Kilikuwa kikavu.

"Hata pumzi haitoki," akasema.

Na kweli haikutoka. Mume wangu alilifunga tangi lake jipya, tukalijaza bila faneli, bila kelele, bila tone kumwagika, dumu limeinamishwa tu mpaka likaisha. Watoto wa mtaa wakamkimbilia nyuma wakipiga kelele, "Kahawa! Kahawa!" Akaondoka. Saa sita hivi nikamwona anakuja anaisukuma, shati limemgandia mgongoni. Ilimzimikia ng'ambo ya daraja la Sabaki. Akapiga kiki mpaka mguu ukachoka. Akafungua kifuniko kutazama ndani, injini ikawaka. Akakifunga, akaenda kidogo, ikazima tena.

"Si nilikwambia?" akasema. "Tangi hili halifai. Turudishe kama lilivyokuwa."

Nikamtazama vizuri. Mtu amesukuma pikipiki tangu Sabaki, jua la utosini, na uso wake umekunjuka kama aliyeletewa barua ya heri. Nikasema, ehe. Kumbe kuna mtu anapenda petroli imwishie.

Nikalibeba tangi tena kwa mjomba. Akasikiliza, akalizungusha, akajipiga paji la uso kwa kiganja. Dele, alisema, lina midomo miwili. Kahawa inapomiminika kwa ule mrefu, hewa inaingia kwa huu wa juu. Yeye alikuwa ametengeneza madele maisha yake yote, akalikata dele la watu kwa mazoea, akaleta mdomo mmoja na kuusahau wa pili, kisha huo mmoja akauziba kwa ngozi. Petroli ingeshukaje? Akachukua msumari mwembamba, akatoboa tundu moja dogo kwenye kifuniko. Akakivuta kikulabu, "tap!", akanirudishia. Hakuomba radhi, na mimi sikumtaka aombe, maana alikuwa amekwisha kuona haya kwa niaba ya ukoo mzima.

Tangu siku hiyo pikipiki haikuzima tena. Na mume wangu akawa anarudi. Akienda Marafa anarudi siku ile ile, wakati mwingine watu wamekwisha kuswali isha, lakini anarudi. Nilishinda. Shoga yangu nilimpitia barazani makusudi, nikamwambia petroli ya Marafa imepewa talaka, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Ila nilikuwa narudishiwa nusu yake. Alikuwa anafika kachoka kuliko mtu aliyelima, anakula matonge mawili anaacha. Mara kioo cha pikipiki kimevunjika. Mara goti limechubuka. "Mbuzi wa njiani Gongoni hawana adabu," anasema. Jioni moja alikuja na michirizi mitatu shingoni, inavuja damu. Akasema mwiba. Nilimpaka dawa kimya kimya, na kesho yake nikaenda kumwuliza shoga yangu kama mwiba unaweza kuchora mistari mitatu iliyonyooka. Akaniinulia mkono wake mbele ya uso wangu, akazitazama kucha zake. Mwanamke yule alikuwa anajua kunyamaza vibaya.

Kwanza nilijaribu kumlaumu mjomba. Nikamwambia tangi lake zito linaiangusha pikipiki. Alikasirika. "Mwanangu, tangi limekaa katikati. Kama bwana yuwaanguka, si kwa tangi." Nilirudi nyumbani na jibu nisilolitaka.

Basi siku ya safari nyingine nikatoka na buibui langu.

"Leo twaenda sote," nikamwambia.

"Njia ni mbaya."

"Wewe si waipita?"

Alinitazama, nikadhani atakataa. Kisha akalisogeza sanduku la vyombo nyuma kabisa kwenye keria, akanipangusia kiti.

Asubuhi ile alikuwa akiendesha kama kijana. Alikwepa kila shimo, aliwapungia watu mkono, aliniita nitazame mashamba ya chumvi ya Gongoni yanavyong'aa, na tulipokata kuingia ndani, ardhi ikawa nyekundu na nywele zetu zikawa nyekundu, alikuwa akiimba. Nikasema moyoni, huyu anakwenda kwa mtu. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga maneno yangu. Nilikuwa nayo ya upole na nayo ya kumng'oa mtu meno, yote tayari.

Alikokuwa akilala Marafa kulikuwa duka la mshonaji mmoja, mzee wa Kigiriama mwenye ndevu nyeupe, na mkewe. Yule mama alinipokea kwa mikono miwili, akaniita mwanangu, akanitandikia mkeka kwenye chumba cha nyuma. "Mumeo hulala papa hapa," akasema. Nilikipekua chumba kile kwa macho mpaka kwenye boriti. Nilitafuta kanga ngeni, kitana, harufu ya asumini. Nilikuta magunia ya mahindi, majora ya khaki na paka.

Nilifurahi kiasi cha kuona haya. Nilikula sima na kunde nikaongezewa, nikaongezewa tena. Nilimsaidia yule mama kupukuchua mahindi, nikamwambia habari za mji wote wa Malindi, za kweli na za kuongeza. Mume wangu alitaka tuondoke mapema, lakini alasiri ikaletwa mashine nyingine, mwenyewe ametembea nayo kichwani tangu mbali, hakufukuzika. Alipomaliza, jua lilikuwa limeinama.

"Laleni," yule mama akasema. "Njia ya jioni si ya mumeo."

"Tangi limejaa, mama," nikamjibu, nikaipiga nundu kofi. Mume wangu akapiga kiki.

Jua lilizama nyuma yetu. Taa za pikipiki zile zilimulika gurudumu la mbele na si zaidi, lakini mbingu ilikuwa bado nyeupe, na njia mimi niliiona vizuri. Yeye akaanza kwenda polepole. Kisha polepole zaidi, miguu yote miwili imeshuka, inaburuta mchanga. Nikamwuliza kama kuna kitu kimeharibika, akasema hapana, hebu nimpigie hadithi. Hadithi gani? Yoyote, akasema, hata niseme ninachokiona. Nilidhani ni mahaba. Nikamwambia naona mti, naona kichuguu, naona moshi wa watu wanaopika. Njia ikakata kulia. Sisi tukaenda moja kwa moja.

Tuliingia kwenye miiba. Haikuwa ajali ya kuumia, tulikuwa tunakwenda mwendo wa kuku. Injini ilizima. Buibui lilinaswa, nikalinasua nikifoka, "Wewe bwana, hukuiona kona?"

Alikuwa bado amekaa juu ya pikipiki, mikono kwenye usukani, uso ameuelekeza mbele. Michirizi mipya ilikuwa inamtoka damu shavuni.

"Kona yenyewe iko upande gani?" akauliza.

Ilikuwa nyuma yetu kidogo, kulia, nyeupe kabisa katikati ya majani. Mtoto angeiona. Nilisimama pale na upindo wa buibui mkononi.

"Tangu lini?"

"Yapata mwaka. Mchana naona. Naona hata tundu la sindano. Jua likishuka tu, naona giza." Alisema alikwenda hospitali Mombasa, ile siku aliyoniambia amefuata sindano za mashine. Wakamwambia ugonjwa huu hauna dawa, ila mchana ataendelea kuona miaka mingi, pengine. "Ndiyo nikawa nalala Marafa."

"Na tangi? Mbona uliniacha niliongeze?"

"Ningesemaje? Sababu yangu ilikuwa petroli."

Nikamwuliza alikuwa akirudije jioni zote zile. Akanieleza kama anayeeleza jambo la kawaida. Kipande hiki cha ndani, pale giza linapomkuta, alikuwa akisukuma kwa miguu, anaipapasa njia kwa nyayo, mpaka Gongoni. Hapo anakaa kando ya barabara kungoja lori la chumvi, anafuata taa zake nyekundu za nyuma mpaka mjini. Alikuwa akiisukuma na tangi lililojaa, nundu na yote.

Mimi nilijitayarisha kwa mwanamke. Kwa hili sikuwa na neno hata moja.

"Ungeniambia," nikasema.

"Mtoto sijakupa," akasema. "Sasa macho. Wewe bado u kijana. Nilijua siku utakayojua utaomba talaka yako, na nisingekuwa na uso wa kukunyima."

Nilikasirika. Sijui kama niliwahi kukasirika vile kabla au baada. Miezi mizima mimi silali kwa kuogopa ataniacha, na yeye amelala juu ya magunia ya watu akiogopa nitamwacha. Nikamwambia yeye ni mpumbavu, na mimi ni mpumbavu, na tushuke tuitoe hii pikipiki kwenye miiba kabla mbingu haijaisha. Tukaivuta mpaka njiani. Nilimpangusa damu kwa upindo wa kanga yangu. Alikuwa analia, na mimi pia, nikamwambia ni vumbi.

Wanawake wa kwetu tulikuwa tukipanda pikipiki kwa kukaa upande, miguu yote kushoto, na kukaa hivyo unaona nusu ya dunia iliyokwisha kupita. Nikalikusanya buibui mpaka magotini, nikapanda kama mwanamume, mguu huku na mguu huku, nikamkumbatia kiuno na kuweka kidevu begani mwake. Njia yote ikawa mbele yangu.

"Washa," nikamwambia.

Akawasha.

"Nyoosha. Nyoosha tu. Shimo, kulia kwako. Hapo, umelipita. Mbuzi, polepole, wanavuka. Sasa nenda. Kona ya kushoto, bado, bado, kata."

Alitii. Mwanzoni mgongo wake ulikuwa mgumu kama ubao, nikausikia unalegea kidogo kidogo. Gongoni hatukungoja lori, mwezi ulikuwa umekwisha kutoka. Kwenye daraja la Sabaki nilimwambia akae katikati asiogope, akakaa katikati, akaongeza mwendo mwenyewe, bila kuniuliza.

Tulipoingia mji wa kale watu walikuwa wanatoka msikitini. Waliona mke wa mtu, buibui limepanda magotini, amekaa wima juu ya pikipiki anapiga kelele sikioni mwa mumewe. Wengine walisema astaghafiru. Shoga yangu alikuwa barazani kwake, mdomo wazi, na sikumsalimu, maana nilikuwa na kazi.

"Kuna watu kulia," nilikuwa nikimwambia mume wangu. "Polepole. Ukuta, kushoto kwako. Kata hapa. Mbele kidogo. Basi, simama, tumefika nyumbani."